Kina Toshihiko

Mpwa wangu, ukisimama leo katikati ya stesheni ya treni kule Japani ukaita "Toshihiko!" kwa sauti, watakaogeuka ni wazee, au watu walio njiani kuufikia uzee. Vijana hawatageuka, wao wamepewa majina ya siku hizi. Lakini mwaka 1983, nilipokuwa kule, jina hilo lilikuwa limejaa viwandani, maofisini na magazetini. Huku pwani ungesema Hamisi. Kipande chake cha mwisho, hiko, tangu kale ni alama ya mwanamume. Kipande cha mbele kila mzazi hukichagulia herufi yake, mmoja akataka ya kipaji, mwingine ya mavuno yaliyoiva, kwa hiyo watu wawili wanaoitwa sawasawa mdomoni wasifanane hata kidogo kwenye karatasi. Herufi hizo sikuziweza. Kina Toshihiko wangu niliwapokea kwa sikio, na wote walinifikia kupitia mtu mmoja ambaye mwenyewe hakuitwa hivyo: mwalimu wangu wa karakana. Sisi wanafunzi tulimwita Sensei basi, na jina lake halisi nitaliacha alipolificha, maana hakuwa mtu wa kupenda kuandikwa.

Nilikuwa nimepelekwa Kitakyushu, kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu, kujifunza matengenezo ya mitambo. Ulikuwa mji wa chuma. Kiwanda cha Yawata kilianza kazi mwaka 1901, na mpaka nilipofika mimi bado asubuhi ilinuka grisi, makaa ya mawe na chumvi ya bahari kwa pamoja. Sensei alisema huo si moshi. Moshi ulikuwa zamani, ghuba ya Dokai ilipokuwa haina samaki na akina mama wa mtaa wa Tobata walipoandamana kudai mbingu yao ya buluu irudi, kwa sababu nguo walizoanika nyeupe walikuwa wakizianua nyeusi. Alikuwa mtu wa hamsini na kitu, mwembamba, mwenye meno mawili ya fedha na vidole vilivyokatika ncha kwa kazi ya mashine. Utotoni alikaa Kokura. Tarehe 9 Agosti 1945 ndege iliyobeba bomu la pili iliuzungukia mji huo, ikashindwa kuuona kwa mawingu na moshi, ikageuza kwenda Nagasaki. Hilo alinieleza mara moja tu, tukiwa tunasafisha bearingi kwa mafuta ya taa, halafu akaniambia nimpe kitambaa.

Huku nyumbani, kumbuka, ndio mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu, na mama yako aliniandikia barua ndefu zenye habari za foleni ya sabuni, foleni ya sukari, na jirani aliyefukia mabati uani usiku kwa kuogopa msako. Nilizisoma nimekaa kando ya mashine ya barabarani iliyouza kahawa ya kopo, ya moto, kwa yeni 100. Kwa bei ya serikali hizo zilikuwa kama shilingi 5. Sikumwandikia habari ya hiyo kahawa.

Mwanzoni mwa Desemba Sensei aliniuliza kama ninamjua Ikangaa. Nikamwambia ni kama kuniuliza kama ninaujua mlango wa nyumba yetu. Juma Ikangaa, mtu wa Dodoma, askari wa Jeshi la Wananchi, mwaka uliotangulia alikuwa amechukua medali ya fedha kule Brisbane kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akamwachia Rob de Castella wa Australia dhahabu kwa sekunde 12 tu. Sensei akasema basi, Jumapili anakimbia Fukuoka, twende. Akaongeza kwamba na Seko naye atakuwepo. Nikamuuliza Seko ndiye jina lake au la babaye. Akasema ni la ukoo. La kwake ni Toshihiko. Mimi niliyezoea kina Juma na kina Filbert nikashika la kwake mwenyewe, nikawa namwita Toshihiko hivi, Toshihiko vile, mpaka Sensei akacheka meno ya fedha yakaonekana: mwenye ruhusa ya kumwita hivyo, alisema, ni mama yake mzazi.

Tulipanda treni ya kawaida kutoka Kokura asubuhi ya tarehe 4. Baridi ilikuwa kali, na Fukuoka ilinipokea kwa harufu ambayo sijaisahau: supu ya mifupa ya nguruwe inayochemka tangu usiku, kwa sababu wenyeji wa Hakata huipenda na tambi zao. Kwa Mwislamu wa Tanga, kupita mtaa ule ni kuvuta pumzi kwa hesabu. Sensei aliligundua hilo bila kuambiwa, akaniongoza upande wa pili wa barabara, ambako mzee mmoja alikuwa anasukuma mkokoteni wa viazi vitamu vilivyochomwa kwenye mawe ya moto. Watu walijipanga kandokando na vibendera vya karatasi, wazee, wanafunzi, kina mama wenye watoto mgongoni. Huko marathoni inafuatwa tofauti na huku. Wanajua muda wa kila mtu, wanajua nani alijikwaa wapi mwaka juzi. Yule mama aliyesimama mbele yangu alikuwa na karatasi ya majina, na kila redio ya jirani ilipotaja kilomita aliandika kwa penseli.

Walipotokea, Ikangaa alikuwa mbele. Mtu mfupi, kifua wazi kwa upepo, hatua za haraka haraka, anavuta mbio yeye mwenyewe bila kumwomba mtu msaada. Nyuma ya bega lake, karibu kiasi cha kumkanyaga kisigino, alikuja Toshihiko Seko. Nilitaka kumchukia nikashindwa pa kuanzia, maana uso wake haukuwa na kitu: hapakuwa na maumivu, hasira wala tamaa. Alikuwa anatazama mgongo wa mwenzake tu. Pacha wawili wa ukoo wa So, Shigeru na Takeshi, mashujaa wa Kyushu, walikuwa wameshaachwa. Alberto Salazar wa Marekani, aliyeshinda New York miaka mitatu mfululizo, naye alikuwa ameachwa. Nilipiga kelele za Kiswahili mpaka watoto wakageuka kunitazama, "Kaza Juma! Kaza baba!" na mmoja wao akaanza kuniiga, "Kaza! Kaza!" bila kujua anamshangilia nani. Nikamwona Sensei hajapunga kibendera chake. Nilipomuuliza, alisema neno moja, mada, yaani bado.

Uwanja wa Heiwadai ulikuwa mbele kidogo, hatukuwa na tikiti. Tulikimbilia kwenye duka la vyombo vya umeme, ambako televisheni nyingi za rangi dirishani zilionyesha picha ile ile. Niliona Juma wengi sana wakiingia uwanjani mbele, na Toshihiko wengi nyuma yao. Zilipobaki kama mita 100, wale wa nyuma wakatoka kwa pamoja. Mtu aliyekimbia kilomita 42 bila kuonyesha kwamba ana haraka alifyatuka sasa ungedhani ndiyo kwanza ametoka nyumbani. Saa 2:08:52. Juma 2:08:55. Mtaa mzima ulilipuka. Yule mama wa penseli alikuwa ametufuata dukani. Aliandika, akafunga karatasi yake, akanitazama usoni, kisha akaenda kwa mzee wa mkokoteni akanunua kiazi kikubwa, akaniletea kimefungwa kwenye gazeti, akainama na kuondoka. Kilikuwa cha moto kiasi cha kuniunguza vidole, na nilikila chote.

Baadaye tuliingia kwenye kijiduka cha tambi nene za ngano, zile zinazopikwa kwa supu ya samaki na mwani, vitu ambavyo dini hainigombezi. Mvuke ulikuwa umefunika miwani ya Sensei. Hapo ndipo aliponieleza yule Toshihiko ni nani. Alizaliwa mwaka 1956 huko Kuwana, mkoa wa Mie. Alikuwa hodari wa mbio za kati shuleni, lakini akaanguka mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Waseda, akapelekwa California mwaka mzima, akarudi amenenepa. Waseda walipompokea akaangukia mikononi mwa kocha mzee Kiyoshi Nakamura, aliyekuwa amekimbia mita 1500 kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Huyo alikuwa mtu wa aina yake. Aliwahubiria wanariadha saa nzima kabla ya mazoezi, akichanganya Biblia na mafundisho ya Kibudha, na husimuliwa kwamba siku moja aliokota majani chini akayatafuna mbele yao, kuonyesha kwamba kama ushindi ungekuwa kwenye majani, yeye angeyala. Alimwambia Seko aache mita 1500, akimbie marathoni. Mwaka 1978 kijana akashinda Fukuoka. Mwaka 1979 akashinda tena, akiwapita wale pacha mwishoni, na ushindi huo ukawapa wote watatu tikiti ya Olimpiki ya Moscow.

"Kisha?" nikauliza. Sensei akasema kisha hakuna. Urusi ilikuwa imeingiza majeshi Afghanistan, Marekani ikasusia, Japani ikafuata. Kijana wa miaka 24, kwenye kilele cha nguvu zake, akakaa nyumbani. Desemba ya mwaka huo huo alirudi Fukuoka akashinda mara ya tatu, na Waldemar Cierpinski, Mjerumani Mashariki aliyetoka Moscow na dhahabu shingoni, alikuwa nyuma yake kwenye mbio zile.

Mpwa wangu, hapo nami nikawa na la kusema. Nilimweleza Sensei habari za Filbert Bayi: jinsi alivyoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, akitangulia tangu bunduki ilipolia, na jinsi dunia nzima ilivyosubiri apambane na John Walker kule Montreal mwaka 1976, na sisi tukasusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini. Walker akachukua dhahabu bila Bayi. Nilimwambia tuliona fahari kususia, na kwamba hata leo siwezi kusema Mwalimu Nyerere alikosea. Makaburu walikuwa makaburu. Lakini miguu ya Bayi ilikuwa ya Bayi, si ya serikali. Na ajabu yake, ile Moscow iliyomfungia Toshihiko mlango ndiyo iliyotufungulia sisi: Bayi alipata fedha kwenye kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha kwenye mita 5000, na Tanzania haijaonja medali nyingine ya Olimpiki mpaka ninapokuandikia. Sensei aliweka vijiti vyake juu ya bakuli. Hakuwa amewahi kusikia jina la Bayi. Aliniomba nilitamke tena, akaliandika kwenye pakiti ya sigara kwa herufi zao zile za majina ya kigeni, na kuanzia siku hiyo sikuweza tena kumwona Seko kuwa ni mtu aliyempora Juma kitu. Alikuwa ameporwa kabla.

Nilirejea Tanga mwaka uliofuata, Sokoine akiwa ameshafariki kwa ajali ile ya Aprili, na Olimpiki ya Los Angeles niliisikiliza kwenye redio yetu ya National iliyofungwa kwa raba ya baiskeli. Joto la Agosti liliwamaliza wengi. Carlos Lopes wa Ureno, mtu wa miaka 37, alishinda. Ikangaa alikuwa wa sita, Toshihiko wa kumi na nne. Barua ya Sensei ilipofika, ilikuwa na mistari michache: Japani nzima ilikuwa imemtwika, na mzigo ule ukamshinda. Mwaka 1985 mzee Nakamura alikwenda kuvua samaki mtoni, akafa maji. Watu walidhani mwanafunzi wake naye amekwisha, lakini mwaka 1986 alishinda London na Chicago, na 1987 akashinda Boston kwa mara ya pili. Juma naye hakulala. Mwaka huo wa 1986 alishinda Tokyo kwa saa 2:08:10, na Desemba akarudi Heiwadai akaingia wa kwanza. Toshihiko hakuwepo siku hiyo. Seoul, mwaka 1988, Juma alikuwa wa saba na Toshihiko wa tisa. Sensei aliniandikia akinipongeza rasmi: kwenye Olimpiki mbili mtu wenu amemshinda wetu mara mbili. Nilimjibu kwamba mbio zisizo na medali huku kwetu hazihesabiwi. Kitu alichokipenda zaidi Seoul ni kwamba medali ya fedha ilikwenda kwa Douglas Wakiihuri, Mkenya aliyekwenda Japani mwaka 1983 akiwa kijana kufundishwa na Nakamura, akala na kukimbia pamoja na Toshihiko, na aliyekuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia Roma mwaka 1987. Kwa hiyo yale majani ya mzee Nakamura, Sensei aliandika, yamezaa Nairobi.

Kuna Toshihiko wa pili, na huyu alinifikia nikiwa bado bwenini kule Kitakyushu. Sensei alikuwa ameniona nikisali kwenye chumba cha kubadilishia nguo, juu ya katoni, sikujua ameona. Wiki iliyofuata alinikabidhi vitabu vitatu vidogo vya karatasi laini, vilivyochakaa, vinavyonuka kabati. Ilikuwa Qur'ani kwa Kijapani, tafsiri ya Toshihiko Izutsu, iliyoanza kutoka mwaka 1957. "Toshihiko mwingine," alisema, akijua nitacheka. Alikuwa amevinunua ujanani, akavisoma nusu, akaviweka. Tukaanza mchezo: yeye anasoma sura fupi kwa Kijapani, mimi natafuta kwa kukisia ni ipi, kisha naisoma kwa Kiarabu kama nilivyofundishwa chuoni kwa bakora. Al-Fatiha niliikamata kwa urefu wa pumzi zake.

Huyo Izutsu, nilivyomfuatilia baadaye, hakusilimu, na bado sijaona Mwislamu wa nchi zetu aliyejichosha na maneno ya Kitabu kuliko yeye. Kijana wa Tokyo kabla ya vita, alijifunza Kiarabu kwa Watatari wawili waliokimbia Urusi, Abdurreshid Ibrahim na Musa Jarullah, ambaye alibeba vitabu vizima kichwani. Alifundisha Montreal, kisha Tehran, mpaka mapinduzi ya mwaka 1979 yalipomrudisha kwao akiwa na umri ambao wenzake wanapokea pensheni. Wakati mimi na Sensei tunachezea vitabu vyake bwenini, yeye alikuwa Kamakura anaandika. Alifariki Januari 1993. Masheikh wengine niliowaonyesha habari zake waliguna: asiyeamini anatafsirije? Mimi huwa nawauliza wao wamesoma nini mwaka huu.

Wa tatu alikuja ndani ya bahasha, mwaka 1992, kwenye kipande cha gazeti chenye picha ya kijana mwenye kanzu nyeupe ya judo, analia kwa mdomo wazi. Toshihiko Koga, mtoto wa Kyushu, kwa hiyo Sensei alimhesabu kuwa jirani. Siku chache kabla ya mapambano yake ya Olimpiki kule Barcelona aliumia goti mazoezini akiwa na rafiki yake Hidehiko Yoshida. Mtu mwingine angepanda ndege arudi. Yeye alichomwa sindano za ganzi, akasimama, akafika fainali na kumshinda Mhungaria Bertalan Hajtós kwa bendera za waamuzi. Yoshida, aliyemuumiza bila kukusudia, naye alikuwa ametwaa dhahabu ya uzito wake. Ukimtazama Koga kwenye picha ile ukamkumbuka Seko wa Fukuoka, huwezi kuamini kwamba jina ni moja. Huyu alilia machozi ya wote wawili. Kansa ilimchukua Machi 2021, akiwa na miaka 53.

Sensei alikuwa ametangulia zamani. Kadi zake za mwaka mpya zilikuja kila Januari, za mwisho zikiwa na mwandiko wa binti yake. Katika mojawapo alinipa habari za Seko, ambaye siku hizo alikuwa amekwisha kuwa mtangazaji wa mbio kwenye televisheni. Taifa zima lilikuwa limepigwa na butwaa. Yule kijana wa uso mtupu, aliyekimbia nyuma ya Juma bila kutikisa nyusi, kumbe ni mchekeshaji: anatania, anasimulia vituko, anaropoka katikati ya kilomita ya 35 wakati watu wanataka kusikia muda. Mke wa Sensei, binti aliandika, huzima sauti ya televisheni marathoni inapoanza, na baba hulalamika, kisha huchukua redio kumsikiliza huko.